Kipande Tulichokiita Yatima

Mwadi mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kuaga watu wa parokia, na ninavyomjua mama yako hamtarudi mapema, maana kila nyumba ya mtaa wetu wa Kikula atataka ikuone kabla hujapanda basi kesho. Mimi nimesingizia goti, nikasema nitabaki kulinda mizigo. Mizigo imekaa yenyewe pale mlangoni, na juu yake umeweka mkoba wako mweusi ambao najua una daftari ndani. Nimeitoa meza uani kwa sababu huko ndani mwanga hautoshi macho yangu siku hizi. Naandika haraka kuliko kawaida yangu, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Mambo ya safari sitayagusa. Pasipoti, kadi ya chanjo, kutomwachia mtu mkoba pale mpakani Kasumbalesa hata akijifanya mwema namna gani, yote hayo mama yako ameyarudia mpaka na mimi nisiyesafiri nayajua kwa moyo. Kuhusu chakula sina wasiwasi hata kidogo. Wazambia wanasonga bukari ya unga wa mahindi kama sisi, wameipa jina lingine tu.

Nataka kukuandikia juu ya shamba letu la njia ya Mulungwishi, na juu ya jambo nililolifanya pale ulipokuwa na miaka kumi na moja.

Siku ulipopata jibu la kituo cha utafiti cha Zambia, ulitusomea hapa hapa uani, ukitutafsiria Kiingereza chao sentensi kwa sentensi. Wamekupa miaka miwili ya kuchunguza udongo, na wakasema kilichowavutia kuliko vyeti vyako ni swali lako. Ukalitaja swali lenyewe: kwa nini katika shamba moja karibu na Likasi, kipande cha mahindi ambacho hakikupewa kitu chochote kilizaa karibu sawa na vipande vilivyopewa samadi na chokaa. Ulisema huenda udongo wa pale una vijidudu ambavyo bado havijulikani, na kwamba kama vikijulikana vitasaidia watu wengi wasio na uwezo wa kununua mbolea. Mama yako akapiga vigelegele. Mimi niliinuka nikaenda kuwatazama kuku. Ulimwambia mama yako, nikakusikia, kwamba Papa hataki tuone machozi yake.

Mwadi, udongo wa pale hauna kitu. Ni mimi niliyekilisha kile kipande kwa siri.

Nimeandika mstari huo nikasimama, nikazunguka uwanja mara mbili ndipo nikarudi kuketi. Sasa nianze mbali kidogo, maana nikiishia hapo utadhani uzee umenipiga kichwani.

Kazi yangu ya kiwandani unaijua. Miaka ishirini na miwili nilikuwa mtu wa sampuli. Behewa la madini likifika, hakuna anayeweza kulipima lote, kwa hiyo tulichota huku na huku, tukarundika, tukachanganya, tukagawa rundo mara nne, tukachukua robo mbili zinazotazamana na kutupa zile nyingine, tukachanganya tena na kugawa tena, mpaka kilichobaki kikaenea katika kikombe kimoja. Kikombe hicho kilikwenda labo, na neno la labo ndilo lililosema behewa zima lina shaba kiasi gani. Kama mkono wangu ungependelea upande mmoja, mashine zote za labo, pamoja na usafi wake, zingesema uongo bila kujua.

Na hadithi ya yule chefu aliyesimamia zamu yetu unaijua vizuri zaidi, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiimalizia kabla yangu. Jinsi alivyoniambia nichote upande ule mzuri tu, jinsi nilivyokataa, jinsi nilivyopelekwa kufagia reli miezi minane bila kubadili neno langu. Niliipenda sana hadithi hiyo. Niliisimulia kwa wageni, kwa wachumba wa binamu zako, hata kwa padri alipokuja kubariki nyumba. Leo nadhani niliipenda kupita kiasi. Mtu akishajipa cheo cha mkweli hapati nafasi ya kujichunguza.

Mishahara ilipokatika, Likasi nzima ilishika jembe. Walimu, wauguzi, mafundi wa umeme, wote tulijikuta kwenye baiskeli asubuhi tukitafuta mahali pa kupanda mahindi. Mimi nilipata lile shamba kando ya barabara. Nilijua mawe, sikujua udongo, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani ni kitu kimoja. Nilidhani udongo uko pale ili utolewe kilichomo, kama madini. Kila mwaka nilichoma mabua yote pakabaki peupe, nikapanda mahindi peke yake kwa mistari iliyonyooka, nikawa naona fahari watu wakiisifu mistari. Mama yako alitaka kupandisha kunde na karanga katikati kama walivyofanya kwao. Nilimkatalia, nikasema shamba litaonekana chafu. Alinitazama, akaenda kupanda kunde zake nyuma ya choo, na mwaka huo zile kunde ndizo zilizotupa mboga wakati mistari yangu mizuri ilikuwa ya manjano. Sikumwambia kwamba alikuwa na haki. Nilikula tu.

Ndipo akaja Faustin na pikipiki yake. Utamkumbuka, yule agronome, mtaalamu wa kilimo kijana mwembamba aliyekuwa anakupa kalamu. Watu wa utafiti walitaka kuwaonyesha wakulima wa njia ile jinsi ya kuuponya udongo wetu mwekundu, na shamba letu lilichaguliwa kwa sababu liko barabarani ambapo kila mtu angeona, na kwa sababu mimi nilijua kuandika na kupima. Walipojua nilifanya kazi gani kiwandani walifurahi mno. Faustin alisema wamepata mtu wao.

Tukagawa shamba kwa kamba, vipande vinne. Cha kwanza samadi ya kuku. Cha pili samadi na chokaa. Cha tatu samadi, na mahindi yamechanganywa na kunde. Cha nne hakuna kitu, mbegu na mvua tu, ili vingine vilinganishwe nacho. Kwa Kifaransa chao walikiita témoin, yaani shahidi. Wewe ulikuwa umesimama pale na sare ya shule, ukamsikiliza Faustin akieleza kwamba hata mahindi ya kipande kile yakiugua tusiyasaidie, ukasema basi huyu ni yatima. Jina likashika. Hata Faustin aliliandika kwenye karatasi zake.

Akakupa daftari, akakufundisha kupima kimo cha mimea kumi katika kila kipande. Sijawahi kukuona umechukulia jambo kwa uzito namna ile. Ulikuwa ukikosha jembe kwa maji ya kidumu kabla ya kuingia kwa yatima, usije ukamletea hata chembe ya samadi ya jirani zake. Ulikosha mpaka miguu. Siku moja nilikukuta umekaa kando ya kamba ukiyatazama majani yake, ukaniuliza kama atakufa. Nikakujibu kwa sauti yangu ya kiwandani kwamba asipoachwa hivyo hatutajua lolote, na wewe ukakubali, ukaandika kimo chake, ukafunga daftari. Ulikuwa na huruma kunishinda na bado ulitii. Jambo hilo limenikaa rohoni miaka yote hii.

Mvua za Desemba zilipoanza kuosha ardhi, yatima akawa wa manjano. Vile vipande vitatu vilikuwa vya kijani kizito, na yeye yuko pale mbele kabisa, mdomoni mwa barabara. Wapita njia wakaanza kusimamisha baiskeli. Mama mmoja wa Mulungwishi aliniita toka barabarani, "Muzee, mahindi yenu ile inagonjwa?" Nikamweleza habari ya kulinganisha. Kesho yake akapita mwingine nikaeleza, na mwingine, mpaka nikachoka kueleza. Kisha Jumapili moja, tumetoka misa, mwenzangu mmoja wa zamani wa kiwandani akasema mbele ya wanaume wote kwamba mtu wa labo alipima shaba ya dunia nzima akasahau kupima mahindi yake. Watu wakacheka. Mimi pia nilijilazimisha kucheka.

Ningeweza kukuambia ni aibu tu iliyonisukuma, na ingekuwa rahisi zaidi kukiri aibu. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Ile rangi ya njaa niliijua. Mwaka ule mishahara ilipokatika, wewe ulikuwa bado hujatembea, nywele za kaka yako zilianza kugeuka nyekundu na tumbo lake likajaa. Unamwona leo alivyo mnene huko Kolwezi, huwezi kuamini. Wakati ule nilikuwa nikimtazama akilala na nikijiapiza kwamba nikipata chakula tena, kitu changu hakitakaa na njaa mbele yangu. Sasa hapa kuna samadi ya kuku tele nyuma ya nyumba, na pale kuna mimea niliyoipanda kwa mkono wangu inayonyimwa makusudi, na binti yangu ameipa jina la yatima. Nilishindwa, Mwadi. Kichwa kilielewa kila alichosema Faustin, na moyo ukakataa.

Nikawaambia nitakuwa nakwenda misa ya pili. Ninyi mkienda ya kwanza, nilikwangua banda la kuku, nikachanganya na majivu ya jikoni, nikafunga beseni nyuma ya baiskeli na kwenda shambani barabara ikiwa bado tupu. Nilifukia kidogo kidogo kwenye kila shina na kurudishia udongo juu, nikasawazisha kwa kiganja ili usione. Ndiyo, ili wewe usione. Ustadi wote wa miaka ishirini na miwili niliutumia kuharibu sampuli. Nilifanya hivyo Jumapili tano. Mama yako alinisifu kwa majirani kwamba tangu lini mwanaume akasafisha banda la kuku bila kuambiwa.

Baada ya wiki chache yatima akaanza kubadilika. Ulirudi nyumbani unakimbia, huna pumzi, ukisema amepona mwenyewe. Uliandika hivyo katika daftari, na ukapiga mstari chini ya maneno. Nimeuona mstari huo tena mwezi uliopita ulipokuwa ukinionyesha kurasa, na kidole chako kilikuwa juu yake.

Faustin alipokuja kupima alizunguka kile kipande mara tatu. Akachuchumaa, akachota udongo, akaunusa. Akaja tulipokuwa tumesimama.

"Papa, munisamehe kuuliza," alisema. "Muliweka kintu mu ile parcelle?"

Nikasema hapana.

Hakuandika mara moja. Alikuwa bado ananitazama, na nadhani kama angeningoja kidogo tu ningesema. Lakini wewe ulisogea mbele yangu. "Minye njo naiangaliaka kila siku," ulimwambia. "Hakuna mutu alitiamo kintu."

Akakutazama, akatabasamu, akaandika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumfuata pale pikipikini. Jibu ni wewe. Ulikuwa umenisimamia kama wakili, na mimi nikaona afadhali uongo uandikwe kuliko wewe ujue kwamba uliyemtetea ameiba kazi yako. Hilo nililiita upendo kwa muda mrefu. Ulikuwa woga, na uliyekosewa kuliko wote ni wewe.

Mavuno yakaja. Tukapanga magunia kando ya barabara kama Faustin alivyotaka, rundo kwa rundo, na rundo la yatima lilikuwa dogo kidogo tu kuliko mengine. Watu walikuja kutazama. Baadaye wakubwa wa Faustin wakaona kwamba upande wetu udongo hauhitaji kusaidiwa sana, wakahamisha kazi kwenda kwingine, na ile chokaa iliyokuwa iletwe kwa wakulima wa njia ile haikuletwa. Faustin alikuja kuaga. Hakuwa na hasira, alionekana tu kama mtu aliyepoteza kitu na hakumbuki wapi.

Kati ya waliokuja kutazama magunia alikuwamo Mama Kapya, jirani yetu wa ng'ambo ya kijia. Shamba lake unalikumbuka lilivyokuwa: mahindi, kunde, karanga, maboga yakitambaa kila mahali, na mstari mmoja wa mtama wa mbegu alizoachiwa na mama yake, ambazo alizihifadhi katika chupa na majivu. Mimi nilikuwa nikilidharau kwa kukosa mistari. Alisimama mbele ya rundo la yatima, akalipiga piga kwa kiganja. Akaniambia, "Kama yatima hakukula kintu na iko anazala vile, minye nitabeba samadi ju ya nini?"

Nikajifanya nafunga gunia. Akaona pia kwamba kile kipande kilichochanganywa na kunde hakikumpita yatima kwa kitu cha maana, akakata shauri la kuacha kuchanganya, apande mahindi matupu, kwa sababu mahindi ndiyo yanayouzika Kikula. Mwaka wa kwanza alipata. Wa pili akapata nusu. Sisi wakati huo, wewe ukiwa shule, tulianza kubeba samadi shamba zima na kupandisha kunde za mama yako katikati, na mimi nikaacha kuchoma mabua, kwa hiyo shamba letu likazidi kupendeza. Aliniuliza siri yetu. Nikamwambia ni mbegu tu tumebadilisha. Huo ni uongo wa pili, na huo hata huruma haimo ndani yake.

Shamba lake leo ni nyasi. Zile chupa za mtama aliziacha mpaka wadudu wakazimaliza, na mbegu ile sijaiona kwa mtu mwingine upande huu. Yeye anauza makala, makaa ya jikoni, pale sokoni.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwake. Wewe uliambiwa nimekwenda kutengeneza redio. Alikuwa akipanga makala kwa mafungu, nikaketi juu ya kidumu, nikamweleza yote, kutoka banda la kuku mpaka habari ya mbegu. Hakuacha kupanga. Alimaliza fungu moja, akaanza jingine. Kisha akauliza, "Miaka yote hii, Papa Mwadi?" Nikasema ndiyo. Akauliza kama mtoto anajua. Nikasema hapana. Akauliza unaondoka siku gani, nikamwambia.

"Basi mumuambie mbele ya bus kutoka," alisema. "Minye hakuna mutu aliniambia mbele ya kupanda."

Nilimwambia nitambebea samadi kwa baiskeli mpaka shamba lake liamke, na kunde za kuanzia nitampa. Akasema tutaona. Hakuniaga nilipoinuka, na sikustahili kuagwa. Nimekuandikia hayo kama yalivyokuwa ili usidhani kukiri kwangu kumeponya kitu.

Sasa juu ya kazi yako. Mimi si mtu wa kukufundisha udongo, wewe umesoma. Lakini kuna jambo moja ambalo sidhani liko katika vitabu vyako, maana wanaolijua ni watu wa upande wangu wa kamba. Utakapokwenda kwa wakulima wa huko na kuwaomba waache kipande kimoja na njaa, elewa unachowaomba. Kwako ni kipande cha kulinganisha. Kwa mwenye shamba ni mahali ambapo jirani zake watamsoma. Usikiweke barabarani. Mpe mwenye shamba mahindi atakayoyakosa pale, umpe mapema, ili asiwe na sababu ya kuyatafuta kwa siri. Kaa naye siku ile majani yatakapobadilika rangi, kwa sababu siku hiyo ndiyo atakayojaribiwa, na wewe utakuwa ofisini unaandika mambo mengine. Na ukitaka jibu la kweli kwa mzazi, usimuulize mbele ya mtoto wake. Faustin alipima kila kitu vizuri. Kosa lake lilikuwa hilo moja tu, na mimi ndiye niliyelitumia.

Najua swali lako ndilo lililokupa nafasi hii. Nilijua tangu ulipoanza kuliandika, ukinisomea meza hii hii na kuniuliza kama nakumbuka mvua za mwaka ule. Nilikujibu mvua. Kila ulipouliza jambo la kweli nilikujibu jambo la kweli jingine. Wakati wa mahojiano yako kwa simu nilikaa nje ya mlango nikiomba, na sala yangu ilikuwa ya ajabu, nilikuwa naomba wakukubali na wakukatae kwa pumzi moja. Walipokukubali nilifurahi kama baba yeyote. Nilijivunia swali ambalo jibu lake ni beseni langu.

Sijui watasema nini ukiwaambia. Huenda watacheka, huenda watakupa swali jingine, huenda watasema nafasi ilikuwa ya swali lile na si nyingine. Likiwa hilo la mwisho, utarudi nyumbani, na mtu yeyote wa Kikula atakayeuliza kwa nini umerudi umlete kwangu nimweleze mimi. Nitamweleza mbele ya kanisa ikibidi. Ila usikae miaka miwili ukichimba na kuchungulia darubini ukinitafuta mimi. Wewe ukiwa na miaka kumi na moja ulikosha miguu kabla ya kukanyaga kipande kile. Mtu wa namna hiyo hafai kupewa kazi ya uongo na baba yake.

Mama yako hajui. Nitamwambia baada yako, si kabla, kwa sababu daftari ni lako. Atakasirika kwa ajili yako kwanza, halafu kwa ajili ya Mama Kapya, halafu atakumbuka jinsi alivyonisifu kwa lile banda, na hapo ndipo nitakapoipata vilivyo.

Nitakuambia na hili, maana nilishaanza kulifanya. Mchana nilikwenda mpaka kwenye sanduku lako nikitaka kuificha barua katikati ya nguo, hata kabla ya kuiandika nilishaitafutia mahali, chini ya ile blauzi ya kijani. Ungeikuta ukiwa umeshavuka mpaka. Ungelia huko peke yako, na mimi ningekuwa hapa salama, nikingoja simu. Nimeona kwamba hiyo ingekuwa kufukia kitu chini ya udongo na kusawazisha kwa kiganja mara nyingine tena. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi, kabla hatujaketi kula. Uingie nayo chumbani, uisome yote. Ukitaka kukasirika, kasirika hapa ambapo naweza kukusikia. Nakupenda, Mwadi, na ninaogopa sana saa ijayo.

Ukimaliza, njoo uani. Jumapili zilikuwa tano na ninazikumbuka zote: ipi ilinyesha kabla, beseni ngapi, majivu kiasi gani, nilianza na mistari ipi na samadi iliniishia wapi. Niko hapa mezani. Leta daftari, uniulize swali la Faustin.

Papa